Kichwa Kilichobaki Ofisini

Ijumaa walimuaga Mkurugenzi Léonce kwa bia na mishikaki ya mbuzi, wakampa saa ya ukutani, na yeye akatoa hotuba iliyomliza hata mlinzi wa getini. Alisema ameitumikia serikali kwa miaka yote ya nguvu zake na sasa anakwenda kupumzika. Jumatatu asubuhi alirudi amevaa suti mpya. Alikuwa meneja wa malori ya tajiri mmoja, Silvère, na alikuja kudai nauli ipandishwe.

Ofisi alikuwa ameachiwa Gahongayire, mwanamke aliyekuwa naibu wake kwa muda mrefu. Ofisi hiyo ilikuwa Kimihurura, Kigali, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupatana na wenye malori bei ya kuleta mizigo ya serikali kutoka Dar es Salaam. Tangu vita vianze kule kaskazini na njia ya Gatuna, ya kupitia Uganda, kufungwa, chumvi, saruji na mafuta yote yalipitia Rusumo, mpakani na Tanzania, na hakuna waliolijua hilo vizuri kuliko wenye malori. Kwa hiyo kila mwaka serikali iliweka kikomo, yaani bei ya juu kabisa ambayo Hazina ingekubali kulipa endapo mwenye lori angekaza. Kikomo hicho kilikuwa siri ya waziri, mkurugenzi na naibu. Cha mwaka ule Léonce alikiandika kwa mkono wake, wiki chache kabla ya kwenda kupumzika.

Hakukuwa na kanuni iliyomkataza. Gahongayire alitafuta. Kanuni za ofisi zilimkataza mtumishi kuvaa kaptura kazini na kufuga kuku katika nyumba ya serikali. Juu ya kuhamia upande wa pili wa meza hazikusema neno.

Jumatatu ile Silvère aliingia wa kwanza. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyeanza maisha na pikapu moja ya kubebea ndizi, na sasa malori yake yalijaza uwanja mzima kule Gikondo. Alikaa upande wa mlangoni, wanakokaa wageni. Léonce alizunguka meza, akaenda upande wa dirishani, akakaa kwenye kiti chenye mto. Mto huo alishonewa na mkewe kwa ajili ya mgongo wake, na siku ya kuagwa aliusahau.

Gahongayire alivuta kiti cha naibu akakaa kando yake, kama siku zote. Twahiru, karani wa kuandika mazungumzo, akaandika tarehe, akaandika majina, akasita.

"Samahani, Mkurugenzi," aliuliza kwa adabu. "Nikuandike upande gani?"

Léonce aliinuka, akachukua mto wake, akazunguka meza tena.

Kupatana bei Gahongayire alikuwa amefundishwa na Léonce mwenyewe. Usiwe wa kwanza kutaja bei. Mgeni akitaja, usijibu; tazama nje kama mtu anayeona mvua inakuja. Basi Silvère alipotaja bei yake, Gahongayire alitazama nje. Léonce naye alitazama nje. Silvère alipoona wenzake wote wanatazama nje, akatazama na yeye. Nje kulikuwa na mtu anafyeka majani.

Tofauti yao ilikuwa ndogo. Gahongayire hakujua Silvère angeweza kushuka hadi wapi. Léonce alijua Gahongayire angeweza kupanda hadi wapi. Kila Gahongayire alipotaja bei, Léonce alitikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu anayemwambia mtoto ajaribu tena, anakaribia. Ilipofika saa ya chakula Gahongayire aliahirisha kikao hadi Alhamisi, akijua kwamba Alhamisi atatikisiwa kichwa mpaka afike kwenye kikomo, na atie saini.

Léonce alimsubiri kwenye veranda.

"Umefanya vizuri, Mama Mukasine. Ila umetazama dirishani muda mrefu mno. Mgeni anaweza kudhani umelala."

"Mkurugenzi, Silvère umemwambia kikomo?"

Léonce alisimama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Unanionaje wewe? Sijamwambia wala sitamwambia. Mimi ni mtu mwaminifu. Nitakitumia tu."

"Kikomo ni cha serikali."

"Mtu akibadilisha kiti anabadilisha na kichwa. Kile kichwa cha serikali nimekiacha humo ofisini. Kitafute, utakikuta." Akacheka, akamshika bega. "Jumamosi usiwe na wasiwasi. Suti imeshapigwa pasi."

Ni hiyo Jumamosi iliyomfunga Gahongayire mdomo.

Alikuwa mjane, na binti yake Mukasine alikuwa amechumbiwa na kijana wa Masaka, nje kidogo ya mji, aitwaye Kalisa. Jumamosi upande wa kijana wangekuja nyumbani kwake Kicukiro kumwomba msichana. Kwa desturi, siku hiyo wazazi hawafungui mdomo. Kila upande una msemaji wake. Msemaji wa upande wa kijana anaomba, na wa upande wa msichana anakataa: msichana hayupo, amekwenda kuchota maji, amerudi shuleni, tumeshampa mtu mwingine. Anakataa kwa namna ya kuchekesha, huku ng'ombe wa mahari akizidi kunenepa. Nyumba ya msichana hupimwa kwa ulimi wa msemaji wake, na katika Kigali nzima hakukuwa na ulimi kama wa Léonce. Watu waliahirisha harusi ili wampate. Kwa Gahongayire alikuwa anakuja bure.

Kama Alhamisi angempinga Léonce mbele ya mwajiri wake mpya, Jumamosi angebaki na kaka yake. Huyo alikuwa mwalimu wa hesabu. Mara ya mwisho alipopewa nafasi ya kusema ilikuwa mazishini, akawataja wajukuu wa marehemu mmoja mmoja, akapotea katikati, akaanza upya.

Jumanne jioni shangazi wa Kalisa aligonga mlango. Alibeba parachichi kwenye kapu, na uso wake ulionyesha kwamba parachichi si shida iliyomleta.

"Dada, tumepatikana," alisema. "Msemaji wetu kakamatwa na mafua, sauti imekwisha. Anaongea kama bata. Tumesikia yuko bwana mmoja wa mjini, Léonce, anasema kama redio. Wewe unawajua wakubwa. Tuombee atusemee. Tuna beberu wa kumpa."

Hakuwa na habari kwamba huyo bwana alishachukuliwa. Gahongayire alifungua mdomo amwambie, akaufunga.

"Nitamuuliza," alisema.

Jumatano baada ya kazi Léonce alifika Kicukiro kupanga mambo ya Jumamosi. Aliketi sebuleni na mzee, baba yake Gahongayire, wakanong'ona. Mzee alimweleza kwamba msemaji adai ng'ombe na ndama wake, ila wakishindwa, basi, mama yake Kalisa ni mjane kama mwanangu, nitaridhika na mtamba mmoja asiye na ndama; wasijue tu. Léonce akasema siri hiyo inakwenda naye kaburini. Mzee alipotoka kwenda kufunga mbuzi, Gahongayire alileta bia ya pili.

"Upande wa kijana wanakuomba uwasemee wao," alisema.

Chupa ilisimama kabla ya kufika mdomoni. "Wananiomba mimi?"

"Msemaji wao anaumwa. Watakupa beberu."

"Mama Mukasine, una homa? Nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Mzee amenitajia mtamba kwa mdomo wake. Halafu niende kukaa kule, nimtazame usoni, nimwombe mjukuu wake huku nikijua mwisho wake uko wapi? Watu wataniita nani?"

"Si lazima uwaambie mambo ya mtamba. Utayatumia tu."

Nje mzee alikuwa anamgombeza mbuzi.

"Ng'ombe ni heshima ya mtu," Léonce alisema baadaye.

"Na nauli?"

"Nauli ni kazi."

"Sawa. Nikuongezee bia?"

Alisema imetosha, na chupa aliiacha nusu. Kwa waliomjua Léonce, hiyo ilikuwa habari ya kusimuliwa.

Alhamisi alikuja hata hivyo, na mto wake kwapani. Safari hii alikaa upande wa mlangoni bila kuelekezwa. Gahongayire alikuwa na hotuba ndefu kichwani, lakini aliposimama alisema kidogo tu.

"Bwana Silvère, tunakuheshimu na mizigo yako tunaihitaji. Lakini ofisi hii haitapatana na msemaji aliyekaa ndani ya nyumba hii akajua siri zake. Utuletee mtu mwingine, yeyote yule. Hata dereva."

Silvère alimgeukia Léonce, kisha akamgeukia Gahongayire. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshangaa kweli, kama mtu aliyenunua friji akaambiwa haina injini.

"Madamu, kama huyu hawezi kusema na ninyi, mimi nimemwajiri wa nini? Lori anajua kuendesha?"

Twahiru aliinua kalamu.

"Madamu, hilo niliandike?"

"Liandike."

"Na la kuendesha lori?"

"Na hilo."

Léonce alitazama nje. Mfyeka majani alikuwa ameshamaliza, hakuna kilichobaki cha kutazama. Akachukua mto wake, akaaga kila mtu kwa cheo chake, akatoka.

Ijumaa hakukuwa na neno kutoka Gikondo wala kutoka kwa Léonce. Gahongayire alimpelekea kaka yake ujumbe ajiandae. Jioni kaka alikuja kujaribu hotuba mbele yake. Ilikuwa na utangulizi, sehemu kuu na hitimisho. Mukasine aliisikiliza mpaka mwisho, akamwambia mama yake kwamba kama ni hivyo atatoroka na Kalisa kwa miguu. Alikuwa anatania, lakini hakucheka. Zaidi ya aibu ya Jumamosi, Gahongayire aliogopa kikomo: Léonce aliyekasirika angeweza kumnong'oneza Silvère namba yenyewe jioni hiyo hiyo, na kazi yote ya Alhamisi ingekuwa bure.

Jumamosi wageni walifika mapema, maana kwa siku zile za vita sherehe ilipaswa kwisha kabla ya jua kuzama na watu kuzuiwa barabarani. Upande wa kijana walikaa chini ya turubai la kulia. Msemaji wao alijifunga skafu shingoni. Kaka yake Gahongayire alikuwa anafuta miwani yake kwa mara ya tatu pale Léonce alipoingia, suti imepigwa pasi, mto kwapani. Alimwambia kaka, "Asante kwa kunishikia nafasi, mwalimu," akaweka mto kwenye kiti cha msemaji, akakaa. Kaka alitabasamu kama mtu aliyefutiwa mtihani.

Msemaji wa upande wa kijana alisimama. Akakohoa. Akaomba msichana kwa sauti iliyotoka kama bawaba ya mlango.

"Karibuni sana," Léonce alijibu. "Ila naona mmepotea njia. Wauza bata wako nyumba ya tatu."

Vicheko vilipasuka pande zote mbili. Toka hapo hakushikika. Msichana hayupo, amekwenda kuchota maji. Mtasubiri? Basi ameshapitia huko huko kwenda shule, Ubelgiji. Mtamfuata? Kwa mguu, au kwa bata? Upande wa kijana walipotaja mtamba, mzee alianza kutikisa kichwa kukubali, Léonce akamkanyaga mguu bila kumtazama, akawauliza wageni kama mtamba huyo alikuja kusindikiza ng'ombe au amekuja peke yake. Mwishowe wakataja ng'ombe na ndama wake. Ilijulikana baadaye kwamba walikuwa wamemfunga kamba tangu asubuhi, na walikuwa wanaogopa tu kwamba hataulizwa.

Bia ya ndizi ilipoletwa, Gahongayire alimpelekea Léonce chungu chenye mirija miwili, akakaa kando yake. Walivuta kidogo.

"Sikujua kama utakuja," Gahongayire alisema.

"Nilishamwahidi mzee." Léonce alifuta mdomo. "Silvère aliniita jana. Akasema kama siwezi kukaa mezani, basi nimpe kikomo akakae nacho yeye."

Gahongayire aliachia mrija.

"Nikamwambia sinacho. Kilikuwa katika kile kichwa nilichokiacha ofisini."

"Akasemaje?"

"Akasema mtu anayesahau vichwa hamfai. Suti nimeruhusiwa kubaki nayo." Akavuta bia tena, akatazama turubai la kulia, ambako shangazi wa Kalisa alikuwa anacheza na kapu kichwani. "Jumatatu anawaletea mke wake. Jihadhari naye. Yule hatazami dirishani."

"Asante, Mkurugenzi."

"Usiniite Mkurugenzi. Mkurugenzi ni wewe." Aliuweka sawa mto mgongoni. "Hivi, Mama Mukasine, kile kiti cha dirishani. Kikiombwa kwa heshima, na mtu mwenye uzoefu, ofisi ingesemaje?"

Gahongayire alimtazama muda mrefu, jinsi alivyofundishwa, kisha akatazama nje ya turubai kama mtu anayeona mvua inakuja.

"Msichana hayupo," alisema. "Amekwenda kuchota maji."

Léonce alitikisa kichwa kwa upole, akainamia mrija.

"Nitasubiri," alisema.

"Akitoka huko anakwenda Ubelgiji."