Mchoro Chini ya Kiganja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mshona-kola wa mashine ya nne alimaliza kola yake ya arobaini, akatia kipande cha chaki ya kuchoreia vitambaa mdomoni, akakitafuna. Kilikuwa cha tatu tangu kengele ilie. Katika kiwanda kile, mwanamke anayetafuna chaki hupewa pongezi, na wa mashine ya tano alishaanza kuweka akiba ya vipande vya flana vya nepi.

"Tutarajie wa kike au wa kiume?" akamchokoza.

"Mimba gani, dada, na kila mwezi natokwa damu siku tisa?"

Kwa kelele za mashine, aliyesikia ni shangazi yake tu, mshona-vifungo. Wiki mbili sasa alikuwa akimwona binti wa kaka yake akisimama mara mbili kwenye ngazi fupi za kuingilia kiwandani, mkono kifuani, akihema kama aliyekimbizwa. Kucha zake zilikuwa zimebonyea kama vijiko. Shangazi akaacha vifungo, akamshika kidevu, akamvuta kope ya chini. Ndani kulikuwa kweupe kama kola. Hofu ikamwingia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umeishiwa damu, mwanangu. Zahanati wanafunga saa saba."

"Na geti hufunguliwa saa kumi na moja, shangazi."

"Basi tukaombe ruhusa."

Msimamizi alikuwa ametandaza mchoro wa shati juu ya kitambaa. Mshona-kola aliegemea meza asianguke, na chini ya kiganja chake, kana kwamba ni kioo, mistari yote ikaonekana, pamoja na namba. Msimamizi aliinama, akasoma. Kwapa, sentimita ishirini na mbili. Ilikuwa sahihi.

"Washika-mchoro wangu wote huziba mistari kwa mikono," akasema. "Kumbe wewe ni lulu."

"Anaumwa, bosi!" Shangazi alimshika mshona-kola kiunoni. "Ataanguka huyu!"

"Ndiyo maana nampa kiti."

Saa tano mshona-kola alikuwa ameketi meza ya michoro, mikono imetandazwa, wakataji wakifuata mistari kupitia vidole vyake. Akawekewa boksi zima la chaki. Wa mashine ya tano alimpongeza kwa kupandishwa cheo.

Saa saba zahanati ilifunga. Shangazi alishona kifungo, akatazama, akashona kingine. Saa kumi, mistari ilipoanza kuonekana hadi begani, msimamizi aliagiza uletwe mchoro wa koti.