Kuku wa Arobaini ya Yadira

Jogoo wa Casimira aliliwa na mbweha mwezi wa mvua za kwanza, na uani pake wakabaki matetea kumi na mmoja bila mume. Jumapili iliyofuata akashuka mjini, akarudi na jogoo mweupe mrefu, kilemba chekundu kama pilipili, ambaye kijiji kizima cha Las Pilitas kilitoka kumtazama.

Jirani yake Domitila alimtazama pia, akiwa upande wa pili wa ua wa miiba. Wanawake hawa walikuwa wameungana kwa ubatizo: Domitila ndiye aliyemshika mtoto wa kwanza wa Casimira kanisani, na tangu hapo hawakuitana ila komadre.

"Mfunge pembeni wiki mbili, komadre," Domitila alimwambia. "Kuku wa sokoni hujui alikolala."

"Mume kaletwa nyumbani, halafu alale barazani?" Casimira akacheka, akamfungua kamba miguuni.

Siku ya tano jogoo alikuwa amejikunyata chini ya mti wa mapera, macho nusu yamefumba, kinyesi chake kijani kibichi. Casimira alijua. Mama yake alikuwa amemwonyesha mdondo, tauni ya kuku, tangu akiwa mtoto. Lakini aliona uchungu wa kupoteza kitu kizuri namna ile, na aibu ya kutosikia onyo la Domitila, akamchinja kabla jua halijachomoza. Manyoya na matumbo akayatupa nyuma, karibu na ua. Mchana alimpelekea Domitila bakuli la supu. Alipoulizwa kulikoni, akasema jogoo alikuwa mkorofi, anawadonoa matetea vichwani.

Kuku hawajui mpaka. Wa Domitila walipenya miibani kama kila siku, wakachakura pale pale.

Domitila alikuwa na matetea kumi na watatu, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mjukuu wake Yadira, aliyemlea tangu binti yake alipokwenda Costa Rica kufanya kazi za nyumbani, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mzazi hula supu ya kuku siku zake arobaini. Ndivyo anavyorudisha damu na kupata maziwa. Domitila aliwalisha kuku hao mahindi ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyahesabu kwa konzi.

Wakafa kwa siku nane. Shingo zilijipinda hadi kichwa kikatazama nyuma, wakazunguka, wakaanguka. Kwa Casimira nako vivyo hivyo, akabaki mmoja tu, wa madoadoa, aliyekuwa akiatamia ndani jikoni. Casimira alimsaidia komadre wake kuchimba shimo na kuwachoma. Moshi ukiwaingia machoni, Domitila alisema kosa ni lake: miguu ilimuuma mwezi mzima, akaacha kuwatilia ndimu na kitunguu saumu kwenye maji. Alilisema hilo tena kesho yake, na wiki iliyofuata akamwambia padri. Casimira aliinama akaendelea kufukia. Kila siku aliahidi moyoni kwamba kesho atasema, na kila kesho ilikuja na mdomo wake umefungwa.

Yadira akajifungua mtoto wa kike. Siku ya tatu mama alikuwa amelala mweupe kama unga, na jikoni kulikuwa na maharage tu. Casimira alimwinua tetea wa madoadoa kutoka kwenye mayai yake, akavuka.

Alisema yote, kuanzia kamba aliyoifungua hadi matumbo aliyoyatupa. Domitila alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kuku hufa, Casimira," akasema mwishowe. "Hata ungewaua kwa mkono wako ningelia, yangekwisha. Lakini wiki tatu umenisikia nikijilaumu, unanipokeza jembe."

Casimira alitaka kupiga magoti. Domitila akamzuia kwa kumpokonya kuku.

"Huyu namchukua, kwa sababu ya mtoto. Nenda nyumbani."

Yadira alikunywa supu siku mbili, maziwa yakashuka. Kuku wengine waliletwa na ndugu kutoka milimani, mmoja mmoja, na wote waliwekwa upande wa mbali wa nyumba. Mayai yaliyoachwa Casimira aliyafunika kwa vitambaa karibu na jiko, akayageuza asubuhi na jioni kwa siku kumi. Alipoyapasua yalikuwa yameoza.

Hawakugombana. Wakikutana kisimani Domitila humsalimu kwa jina, humuuliza hali ya nyumbani na ya mahindi, kisha huinua ndoo yake. Mtoto wa Yadira alipobatizwa, Casimira alikaa benchi la nyuma, akamsikia akilia maji yalipomgusa, akatoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono.