Sauti ya Guy kwenye CD ya Muzee Lucien

Haya yote ni kweli. Kama kuna neno moja la uongo humu ndani, Ziwa Kivu likauke, samaki wake wadogo, sambaza, waokotwe kwa mikono, na wa kwanza kuwaokota kwa njaa awe msimulizi mwenyewe.

Kiapo hicho cha ziwa kilikuwa cha Muzee Lucien wa mtaa wa Bagira. Tangu apumzike kazi, shughuli yake ilikuwa kukaa mbele ya lecteur yake, ile mashine ya kuchezesha CD, na kuwadanganya majirani. Aliwaambia kwamba aliwahi kumwuzia padri mamba wa kulinda parokia. Walipobisha aliapa ziwa likauke, nao wakarudi kwao wameridhika. Uongo wake ulikuwa kama chumvi: haukumshibisha mtu, ila uliteremsha ugali.

Kisha Guy akafa.

Guy alikuwa mtoto wa jirani, Maman Euphrasie, na mwimbaji wa kanisani. Alikwenda Walungu kuchimba dhahabu, mvua ikanyesha, kilima kikalalia shimo. Hawakumtoa. Kwenye matanga walizika mgomba badala ya mwili, na wazee wakasema inatosha.

"Haitoshi," Euphrasie alisema. "Ule mugomba haukuniita maman hata siku moja."

Uwanja ukanyamaza, na kimya ndicho kitu ambacho Lucien hakukiweza. Mdomo ukajifungua wenyewe.

"Maman Euphrasie, mimi niko na sauti yake. Aliimba kwangu, nikaikamata mu telefone. Ziwa likauke."

Mama yule akamshika mkono, akakubali kunywa chai aliyokuwa ameikataa tangu habari ifike. "Basi siku ya kuondoa matanga utaileta, Papa Lucien. Nikimusikia mutoto wangu, nitavua hiki kitambaa cheusi. Nisipomusikia, mutanizika nacho."

Lucien alirudi nyumbani mguu mzito. Aliwauliza waimbaji wote wa parokia mmoja mmoja; hakuna aliyekuwa na sauti ya Guy. Kijana aliimba miaka yote ile, na hakuna aliyefikiri kuishika. Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, na Euphrasie amebaki mifupa ndani ya nguo nyeusi, Lucien akaamua.

Alisubiri mvua kubwa ya mchana, ili makelele ya mabati yafunike kasoro. Akajifunika blanketi na telefone yake, akaimba wimbo wa komunyo alioupenda Guy. Mara ya kwanza ikatoka sauti ya mzee. Akarudia. Akabana pua, akarudia tena, hadi ikatokea moja ambayo, nyuma ya mvua, ungeweza kusema ni kijana anaimba kwa mbali. Yale majaribio mengine hayakumtia wasiwasi. Lucien alikuwa mtu wa kaseti, na kwenye kaseti ukirekodi upya, cha zamani kinafutika.

Akampelekea telefone Patrice, mchoma CD wa karibu na soko la Nyawera, anayehamishia watu nyimbo kwenye CD.

"Wimbo moja tu, papa? Huu wa mwisho?"

"Huo utangulie. Kisha jaza. Mimi sibebe CD nusu tupu kama mutu asiye na watoto."

"Nijaze na nini?"

"Na vile viko mu telefone. Nyimbo zangu za kanisa ziko mule."

Patrice akajaza.

Siku ikafika. Lecteur iliwekwa juu ya meza uwanjani, ikafungwa kwenye spika kubwa, na jamaa wakakaa kwenye mikeka. Lucien akatia CD, akabonyeza. Ikatoka mvua, na ndani ya mvua, sauti.

Euphrasie alisimama. Hakulia. Aliinamisha sikio kama mtu anayesikiliza mlangoni, midomo ikifuata maneno, na wimbo ulipokwisha mkono wake ukapanda hadi kwenye fundo la kitambaa kichwani. Lucien akashusha pumzi. Hakukumbuka kwamba mashine ile, faili moja likiisha, huingia la pili bila kuambiwa.

"Hapana," spika ikasema. "Iko sauti ya kizee. Lucien, bana pua. Guy alikuwa anaimba kama mutu wa mafua."

Kisha kikohozi, na wimbo uleule.

Mkono wa Euphrasie ukabaki kwenye fundo. Lucien akapapasa mkeka kutafuta telekomande, rimoti ya kuizima mashine. Euphrasie alikuwa ameshaiokota. Akakaa, akaiweka chini ya paja.

"Maman, mashine imeharibika."

"Wacha iimbe."

"Maman Euphrasie..."

"Si ulisema CD imejaa? Tutaisikia yote."

"Kumbe ule mamba wa padri ndiye alikuwa anaimba," alisema Gisèle, mdogo wake Euphrasie. Hakuna aliyecheka.

Ikaimba yote. Lucien akajisikia akikosea, akijitukana, akianza upya. Karibu na mwisho hakukuwa na wimbo, ila mzee analia chini ya blanketi: "Guy, baba, nisaidie. Maman yako atakufa na kile kitambaa." Kisha mvua peke yake.

Euphrasie akakaza fundo lililoanza kulegea. Akatazama chini, ambako ziwa lilionekana kati ya mabati ya nyumba.

"Ziwa halikukauka, Papa Lucien. Basi utalipa wewe. Utachukua mbuzi yako, uipeleke Walungu pale shimo lilimufunika. Utachinja pale. Na utamuambia Guy, kwa mudomo wako, kile ulifanya na sauti yake."

"Na wewe, maman? Kitambaa?"

"Nilikuambia. Mutanizika nacho."

Lucien alikwenda kwa pikipiki, mbuzi amefungwa miguu mbele yake. Kwenye kile kilima wachimbaji wengine walishafungua shimo jipya, wakaacha sururu kumtazama.

"Muzee, uko na nani hapa chini?"

Uongo mzuri ulimjia, tayari na kiapo chake. Akaumeza. Akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, kamba mkononi, akaanza kusema na kilima taratibu, na mbuzi akalia wakati wote.