Kiti Kilichovuliwa Kitambaa

Siku mkewe alipoondoka, fundi makochi alirudi kutoka uwanja wa ndege akakuta taulo la mkewe bado bichi kwenye kamba ya uani. Akasimama akalitazama kama mtu aliyesahau kilichompeleka pale. Walikuwa wameoana Jumanne. Ilikuwa Ijumaa, likizo ya mke imekwisha, na duka la miwani alikoajiriwa, huko kwao nchi nyingine, halikuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Fundi hakujua alianue lile taulo au aliache. Akaliacha.

Walijuana huko kwa mke. Fundi alikuwa amepelekwa kuvika viti vya ukumbi mmoja vitambaa vipya, na siku ya kwanza tu ya kazi akakalia miwani yake mwenyewe. Aliingia dukani akipapasa meza kama anatafuta swichi ya taa. Msichana aliyemkatia vioo vipya alimuuliza kama viti vya huko kwao huwa vinakaliwa na miwani, naye akacheka mpaka akashindwa kujibu. Baada ya hapo zikawa simu, simu, mpaka mwaka huu yule msichana akaja kumtembelea. Hawakuwa wamepanga harusi. Walikuwa wanamenya vitunguu jikoni, mmoja akasema kwa nini tusioane, mwingine akasema kwa kweli kwa nini, wakaenda.

Msajili wa ndoa, mama mmoja mwenye mafua, aliwauliza wataishi wapi. Fundi akajibu kwamba hakuna haraka, mke naye akaitikia kwa kichwa. Msajili akapenga kamasi, akasema hilo si jibu la swali lake, kisha akaendelea na kazi yake. Dada yake fundi, mkubwa wake na ndugu yake pekee, ndiye aliyekuwa shahidi.

Karakanani mambo yakawa mengine. Mwenzake, mtu mzima waliyemwita Misumari kwa sababu alifanya kazi na kuongea huku misumari imejaa mdomoni, hakumpa nafasi ya kupumua. Alitaka kujua chai ya asubuhi anapikiwa na nani, na kama ni yeye mwenyewe, basi kilichobadilika ni nini. Siku moja alitema misumari yote kiganjani, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Hebu nisaidie, Bwana Harusi. Wewe umeoa au umeazima?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, lakini swali likamganda. Alikuwa mume, hilo alilijua, pete aliivaa. Ila akifika nyumbani alikula peke yake, akalala ukingoni mwa kitanda kilekile cha ujana wake, na jirani akimuuliza shemeji hajambo, alijibu hajambo huku akihisi anazungumzia mtu wa kusimuliwa tu. Kichwa kilikuwa maji.

Alichokifanya mwishowe ni kile anachokijua: kazi ya mikono. Nyumbani kulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa tangu mama yao alipofariki mwaka uliotangulia. Fundi aliishi na mlango ule kama mtu anavyoishi na jino bovu, akitafunia upande mwingine. Sasa akajiambia mke anakuja kukaa, hawezi kuletwa kwenye kichumba cha kijana. Akaufungua. Akatoa nguo akampelekea Dada, akapaka kuta rangi, akanunua kitanda cha watu wawili.

Kikabaki kiti. Kilikuwa kiti chenye mikono, kipana, fundi alikivika mwenyewe alipokuwa bado anajifunza kazi, na ule mshono wa nyuma ulikwenda upande. Mama alikataa kabisa kirekebishwe. Alikikalia miaka yote mpaka sponji likachukua umbo lake, bonde la mtu mmoja tu. Siku za matembezi yake, mke aliusukuma ule mlango mara moja akachungulia, akakiona, akarudi kinyumenyume bila kukikalia.

Jumapili asubuhi fundi alikibeba mpaka uani. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akavua kitambaa, akatoa sponji. Sponji lilipotoka likajinyoosha taratibu, lile bonde likapanda, likapotea mbele ya macho yake. Akabaki na koleo mkononi.

Dada alimkuta hapo. Hakupiga kelele. Alikiokota kitambaa, akakikung'uta vumbi, akakikunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu," alisema. "Nije nikikalie mara moja ya mwisho."

Fundi akaeleza kwamba wifi yake anakuja, lazima akute chumba cha mtu aliye hai. Dada akamuuliza anakuja lini. Fundi akasema hivi karibuni. Dada akauliza, yeye mwenyewe amesema? Hapo ndipo fundi alipogundua kwamba hajawahi kumuuliza. Mama yao aliwalea hivyo, mgeni haulizwi anaondoka lini wala anarudi lini, na katika hekaheka za kuoana hakuna mahali alipopata kusimama akajiambia huyu si mgeni tena.

Jioni ile mke alipiga simu kabla fundi hajaamua kupiga. Sauti yake ilikuwa juu kwa furaha. Amehama kile chumba chake, sasa ana vyumba viwili, na mwenye nyumba amekubali banda la nyuma litumike kama karakana. Banda lina dirisha. Mwanga wa kutosha kushonea.

"Karakana ya nani?" fundi akauliza.

"Yako. Ya nani tena?"

Fundi akakaa kwenye kitanda kipya. Akamweleza kuhusu chumba, rangi, kitanda.

"Mume wangu," mke akasema, "mimi nilidhani unataka muda. Ule mlango ulikuwa umefungwa, na ukiupita ulikuwa unanyata. Sikutaka kukuharakisha kuondoka nyumbani kwa mama yako."

"Nami nilidhani utahamia huku, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuja."

"Nilikuja kukutembelea."

"Tukaoana."

"Tukaoana nikiwa nimekutembelea."

Wote wawili walitaka kucheka, na mmoja alianza, lakini hakikuwa kicheko kilichokwenda mbali. Fundi alijaribu kuona yale maisha mengine: banda lenye dirisha, Misumari hayupo, Dada anapokea simu zake kama alivyokuwa akipokea yeye za mkewe. Kisha akajaribu kumwona mkewe hapa, mchana kutwa, akiwa hana mashine yake ya kusagia vioo, anasubiri mtu arudi kutoka kazini. Hakuna hata picha moja iliyotulia kichwani.

"Na kile kiti?" mke akauliza.

"Nimekivua kitambaa."

"Chote?"

"Chote. Na sponji."

Mke akavuta pumzi. "Usikivike bado. Nije tukivike pamoja."

"Ukija, unakuja kukaa au kutembea?"

"Sijui. Na wewe ukija huku?"

"Sijui," fundi akasema, na likawa jambo la kwanza ambalo waliambiana waziwazi tangu kwa msajili.

Dada alipoambiwa yote, alikaa kitako jikoni akatikisa kichwa. Alisema ameshuhudia ndoa ya watu wawili walioandaliana vyumba kama wapangishaji. Halafu akauliza kama lile banda lina choo karibu, na fundi akaona kwamba Dada ameanza kulifikiria.

Misumari, kwa upande wake, anaendelea kumwita Bwana Harusi, ila siku hizi akiagiza kitambaa humtengea vipande vizuri, bila kusema ni vya nini.

Kwa sasa wanapokezana. Kazi zikipungua karakanani, fundi anakwenda. Mke akipata likizo, anakuja. Mwezi ujao ni zamu ya fundi. Ufunguo wa nyumba utakaa kwa Dada, pamoja na kile kitambaa cha zamani, na kiti kiko chumbani kwa Mama, fremu na springi, kimefunikwa shuka.