Mkazi wa Namba Tisa

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Akelo alikuwa wa tatu kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa, nje kidogo ya Mwanza. Alishika picha nne za pasipoti, cheti cha mgambo na barua ya kuomba kumiliki shotigani. Barua aliiandika mwenyewe. Alieleza kwamba mamba ameshachukua watu wanne pale mwaloni kwao, mitumbwi inaposhusha dagaa, wa kwanza akiwa mumewe Okech, mwaka juzi. Kwamba maofisa wa wanyamapori wamepigiwa simu mara sita. Na kwamba binti yake, Adoyo, huchota maji pale pale kila alfajiri kwa ajili ya kuosha dagaa. Hakuandika kwamba anaogopa, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Aliogopa sana.

Mtendaji wa mtaa, Modesta Shimba, alikuwa dada mpole aliyezijua sheria kwa kichwa kama wengine wanavyozijua nyimbo za kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Cheti kizuri, picha nzuri. Sasa hapa kwenye makazi ya kudumu nikuandikie wapi?"

"Si pale pale mwaloni. Unapafahamu."

"Napafahamu, mama. Ila pale hapakai mtu."

Alisema kweli. Nyumba ya Akelo ilibomolewa mwaka jana kwa kuwa ilikuwa ndani ya mita sitini kutoka majini, na ndani ya mita sitini sheria haimtambui mkazi. Tangu hapo Akelo na Adoyo walilala chini ya turubai, pale pale ilipokuwa sebule, maana dagaa huanikwa pale na lazima walindwe pale. Tingatinga liliacha kitu kimoja tu, kaburi la Okech. Kuhamisha kaburi kunahitaji kibali, na kibali kinahitaji kikao. Lilikuwa kaburi la zege lenye vigae vyeupe kutoka Igoma, na ndani yake mlikuwa na mguu wa kushoto, ambao ndio uliopatikana. Ndugu zake wa Rorya walisema hawawezi kukodi gari la kusafirisha mguu.

Watu wa vibao vya anwani walipopita, walikuwa wameagizwa kubandika namba kwenye kila jengo la kudumu. Turubai si jengo la kudumu. Kaburi ni la kudumu. Wakalibandika Namba 9, na kwenye daftari wakaandika jina walilolikuta msalabani.

Modesta alilifungua daftari hilo. "Namba tisa yupo Okech Ojuok. Huyu ni nani wako?"

"Mume wangu. Marehemu."

Modesta aliipitia fomu ukurasa kwa ukurasa. Iliuliza uraia, umri, akili timamu, ulevi, kifungo na makazi.

"Hilo la umarehemu hawajauliza," alisema. "Aje tu mwenyewe, leseni tumwandikie yeye."

Okech hakuwa mtu wa kusumbua. Tangu azikwe alikuja kila siku jua likizama, akakaa juu ya vigae vyake, akauliza dagaa wamekaukaje, na giza likishika vizuri akarudi chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mkavu. Kwingine kote alichuruzika maji. Majirani walimsalimia wakipita. Jumatano Modesta alichelewa kufunga ofisi kwa ajili yake. Wino haukushika kwenye vidole vilivyolowa, kwa hiyo zikachukuliwa alama za vidole vya ule mguu. Wajumbe wawili wa kamati walithibitisha kwamba hajaonekana amelewa tangu mwaka juzi. Mwenyekiti, mzee Mashimba, alisema miaka yote aliyokaa kwenye kiti hajapata mwombaji aliyetulia mahali pamoja namna ile. Leseni ilitoka baada ya miezi miwili. Akelo akauza mtumbwi na injini yake, na mwenye duka la silaha mjini akakubali kumsubiri mteja mpaka saa moja usiku. Bodaboda aliyempeleka Okech alilalamikia kiti kuloa, basi.

Askari aliyekuja kukagua mahali pa kutunzia silaha aliitwa Elias. Alizunguka kaburi, akagongagonga vigae.

"Zege tupu. Dirisha hakuna, mlango hakuna. Hata kwangu si salama hivi," alisema, akasaini. Kisha akasoma masharti kwa sauti: silaha itunzwe kwenye makazi ya mmiliki, na asiishike mtu mwingine hata dakika moja. Ikishikwa na mwingine, jela wote wawili.

"Hata marehemu?" Akelo aliuliza.

"Huyo anwani yake tunayo," Elias akajibu.

Okech akashuka nayo. Hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa kuwa Okech huja jioni na mamba huja alfajiri. Jioni Okech alikaa na shotigani magotini, akitazama maji yasiyo na kitu. Mamba wakati huo alikuwa amelala kwenye mawe ng'ambo ya ghuba, anaonekana kabisa, mahali risasi isipofika.

"Niachie mimi usiku mmoja tu," Akelo alimwambia. "Ukirudi jioni unaikuta."

"Leseni ina jina langu, Mama Adoyo."

"Na mtoto ana jina la nani?"

"Langu. Wakikufunga wewe, atabaki na nani? Na mimi?"

Akelo alimkasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia akiwa hai, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mwanamume huyo alisema kweli. Elias alipita mwaloni kila asubuhi kununua sato, na angeiona silaha mkononi mwake. Siku ya pili yake Akelo alirudi ofisini kuomba kibao chake mwenyewe cha anwani.

"Jenga kitu cha kudumu, mama, nikuandikishe," Modesta alimwambia.

"Nikijenga mtabomoa."

"Tutabomoa, mama." Machozi yalimlengalenga, na alikuwa anasema kwa moyo wote.

Mwezi Juni mamba alimchukua Sabina, jirani wa turubai la tatu. Elias alikuja jioni, akamwomba Okech aonyeshe silaha, akahesabu risasi. Zote zilikuwepo. Akaandika kwamba mmiliki huyu ni wa mfano.

Alfajiri iliyofuata dagaa walishushwa wengi. Nyonga ya Akelo ilishakataa mzigo, kwa hiyo Adoyo ndiye aliyebeba ndoo. Akelo aliinama, akavigonga vigae kwa ngumi.

"Baba Adoyo! Mtoto anaingia majini."

"Namsikia," Okech alijibu kutoka chini. "Saa yangu bado."

Alimsikia akiweka risasi, akizitoa, akiziweka tena. Akelo akachukua kasia lililobaki la mtumbwi, akajikokota mpaka ukingoni, akaanza kupiga maji huku na huku wakati Adoyo akiingia mpaka magotini. Adoyo alichota, akatoka, akamimina ndoo ya kwanza kwenye pipa, akarudi kuchota ya pili. Pipa lile hujaa kwa ndoo ishirini.