Hatua ya Kiatu Kimoja

Wanaosema kisasi ni cha Mungu wampelekee salamu zangu, wamwambie alichelewa. Mimi Pascaline wa mtaa wa Bwiza nilingoja miaka minane, nikachoka.

Nilikuwa nafundisha hip hop katika sekondari moja ya mjini, kila Jumatano mchana. Redio kaseti juu ya kiti, watoto thelathini uwanjani, nusu wanarap kwa Kifaransa cha kubahatisha, nusu wanazunguka kwa mgongo mpaka mashati yanachanika. Haya yote nilifundishwa na kaka yangu, Bonfils. Mwaka 1995, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, vijana walipofunga barabara kwa mawe na matairi, walimkamata kwenye kizuizi. Walimvua kiatu kimoja, wakamwambia: "We si mucheza dansi? Tuchezee kitu hatuyaona bado!"

Akabuni palepale. Alishika kile kiatu, akapiga nacho lami mara tatu, akaruka kwa mguu mmoja, akaanza kuzunguka. Hakumaliza. Walimpiga rungu akiwa katikati ya mzunguko, akafa.

Candide, muuza karanga, aliona yote akiwa amejificha nyuma ya kibanda chake. Yeye ndiye aliyenionyesha ile hatua, na ndiye aliyeninong'oneza jina la mmoja wao: Sébastien, jirani yetu. Lakini siku ya kuondoa matanga, Sébastien alikuja kwetu, akanyonya pombe ya mtama na mama kutoka chungu kimoja, mrija mmoja, akaapa: "Mama Bonfils, mi nilikuwa Uvira ile siku. Mungu ananiona." Mama akamwombea baraka! Nilipomwambia ukweli, alinikemea. Mtu aliyekunywa mrija mmoja nawe hawezi kukudanganya, alisema. Sébastien akahamia Kiriri, mlimani kwa matajiri, akanunua gari, akanenepa. Shenzi!

Nilitaka kitu kimoja tu: aseme kwa kinywa chake, mama akisikia.

Basi mwaka 2003 ni nani akaingia darasani kwangu? Mélissa, binti wa Sébastien. Siku za mwizi ni arobaini, hata akihamia mlimani. Nikamfundisha ile hatua peke yake, pembeni, mpaka ikamkaa mwilini.

"Ni ya nani, Madamu?" aliniuliza.

"Ya bingwa mmoja."

Nilimpenda yule mtoto, sitadanganya. Baba yake nilimchukia zaidi.

Siku ya proklamasiyo, matokeo yanaposomwa mbele ya wazazi wote, nilimkalisha mama mstari wa kwanza, bega kwa bega na Sébastien. Alimsalimia kwa mikono miwili, mnafiki yule. Matokeo yakasomwa, Mélissa wa pili, baba mtu anapiga makofi. Ikafika zamu ya dansi ya wanafunzi wangu, nikawasha redio.

Mélissa akavua kiatu cha kushoto. Akapiga nacho sakafu. Ta, ta, ta.

"Mélissa, vala kiatu," Sébastien akasema. Mtoto akacheka, akidhani anataniwa, akaruka kwa mguu mmoja. Hapo baba akasimama, kiti kikaanguka. "Vala kiatu, nimesema! Si mi nilimupiga! Mi nilimutoa kiatu tu!"

Nikazima redio. Mama akageuka polepole, akamtazama.

"Ulisema ulikuwa Uvira."

Mama akatema mate miguuni pake, kama anayerudisha ile pombe ya miaka minane.

Loo, nilifurahi! Nilifurahi, na wanaotaka kunihukumu wanihukumu. Kisha nikamwona Mélissa. Bado alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kiatu mkononi. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Msichana yule ana akili. Alikuwa ameshaelewa yule bingwa alivuliwa kiatu na nani.

"Madamu," akasema, "niendelee?"

Ningeweza kumwambia apana, inatosha, njoo hapa mwanangu.

"Endelea," nikamwambia, nikabonyeza redio.