Upande wa Kaskazini wa Msonobari

Risten alizungusha keekee taratibu mpaka ikatoka, na ndani yake mlikuwa na kijiti chembamba kuliko penseli, kilichochomolewa kutoka kifuani mwa msonobari. Akakaa juu ya jiwe, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akaanza kuhesabu pete. Mimi nilisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri daktari afungue mdomo.

"Mwaka 1871," alisema.

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu, mjomba."

"Basi hesabu ya nne! Haraka ya nini? Una mume anakusubiri?"

"Sina mume. Nina mjomba mkorofi, ananitosha."

Risten ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kurusha kamba ya kunasia kulungu wa theluji tunaowafuga, na sasa ni mtafiti wa misonobari katika chuo kikuu, mti ukikohoa anajua umelala vipi. Nilimpigia simu Septemba ile nikiwa sina pa kushika. Kampuni moja ya mbao ilikuwa imeomba kuukata msitu wetu wa kusini mwa ziwa, na mashine zingeingia mara tu ardhi ikiganda. Msitu ule ndio ghala letu. Mvua ikinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, kulungu wetu hawawezi kuchimba chakula chini, basi wanakula zile ndevu nyeusi za kuvumwani zinazoning'inia kwenye misonobari mizee. Bila misonobari mizee hakuna ndevu, bila ndevu hakuna kulungu, na bila kulungu mimi Jovva ni mzee mwenye kamba isiyo na kazi.

Ilibaki njia moja, nayo ni makovu. Watu wetu wa zamani walibandua gome la msonobari kila mwanzo wa kiangazi, wakala ile ngozi laini ya ndani, na mti ukabaki na kovu. Wageni Waswidi wakaandika vitabuni kwamba tulikula magome kwa njaa. Njaa gani? Mama yangu alisema bibi yake alikililia chakula kile kama mtoto anavyolilia sukari. Basi kovu likithibitika kuwa la kabla ya mwaka 1850, sheria inapalinda mahali pale. Tulikuwa tumeshapima makovu sita. Yote yalikuwa machanga.

"Ni miaka ishirini na moja tu imezidi," nilimwambia. "Andika 1849. Nani atajua?"

"Vijiti hivi atavisoma upya mtu asiyenijua mimi wala wewe. Na hata visingesomwa, sisemi uongo juu ya mti."

"Umeshakuwa Mswidi."

"Mimi ni mjukuu wa bibi Sunna, mama yako," alijibu, akafungasha vifaa vyake. "Ng'ambo ya kijito je? Kule hujanipeleka."

"Kule ni matope matupu. Hakuna kitu."

Nilidanganya. Ng'ambo ya kijito sikuwa nimekanyaga kwa miaka arobaini na mbili.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Nikachemsha kahawa, nikatia vipande vya jibini kwenye vikombe kama desturi yetu, na Risten akachukua nyama kavu akaanza kuikatia kwenye ubao wa jikoni. Ubao ule ulikuwa wa mama. Ni mnene kama ngumi, mweusi kwa mafuta na moshi. Risten alikata kipande cha kwanza, cha pili, halafu kisu kikasimama.

"Mjomba, huu ubao ni mzito mno."

"Una utomvu mwingi. Kata nyama, nina njaa."

Akaondoa nyama. Akaugeuza ubao. Upande wa chini, ule ambao mama alikuwa akiulaza mezani siku zote, kulikuwa na sehemu laini ya kijivu isiyoguswa na msumeno, na pembeni yake mbao ilikuwa imejikunja kama mdomo unaotaka kufumba.

"Hili ni kovu," alisema polepole. "Umelipata wapi?"

Nilitaka kusema ubao umenunuliwa sokoni Jokkmokk. Ulimi ukakataa. Nilikuwa nimeshadanganya mara moja siku ile, na mtoto yule anayatazama macho ya mtu kama anavyotazama pete.

Basi nikamwambia. Mwaka 1980 nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa na msumeno mpya wa petroli. Nani angeweza kuniambia kitu? Kila mtu kwetu anajua kwamba msonobari wenye kovu hujaza utomvu pale ulipoumia, na kuni zake zinawaka hata kwenye mvua. Na kila mtu anajua pia kwamba mti wa namna hiyo haukatwi. Nilijua yote mawili, nikachagua la kwanza. Niliuangusha msonobari mkubwa ng'ambo ya kijito, nikaupasua vipande, nikaja nyumbani nikijigamba na mzigo wa kuni za kuwashia moto.

Mama aliviangalia vile vipande. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mti huu ulimlisha mtu."

Nami, mjinga mimi, nikajibu, "Mtu gani? Mtaje jina."

Hakuwa na jina la kutaja. Alitoa kipande kimoja kwenye mzigo wa kuni kwa mikono yake, akakifanya ubao. Na kwa wiki nzima, kila alipomimina kahawa, alimimina kwenye vikombe vyote, ila changu alikifunika kifudifudi mbele yangu. Kwetu hilo ni zaidi ya kofi. Wiki ilipokwisha akanimiminia tena, na hatukulizungumza kamwe. Amekufa miaka kumi na tisa iliyopita, na jambo lile limekaa hapa kifuani kama mfupa wa samaki.

Risten hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Alisema, "Nipe msasa."

Alisugua kichwa cha ule ubao mpaka weusi ukatoka na mti ukaonekana wa rangi ya asali, na jikoni pakanukia msitu. Hapo ndipo nilipoona kazi yake kwa mara ya kwanza. Siku zote nilidhani anahesabu tu, kama anayehesabu kulungu zizini. Kumbe anasoma. Alivipanga vijiti vyake kando ya ubao na kunivuta mkono.

"Tazama. Kiangazi kibaya, mti unapata pete nyembamba. Kiangazi kizuri, pete nene. Miti yote ya msitu mmoja imeishi hali ya hewa moja, kwa hiyo imeandika mwandiko mmoja. Huu hapa mti tuliopima leo: nyembamba, nyembamba, nene, halafu nyembamba tatu. Sasa tazama ubao wa bibi."

Nikainama. Nyembamba, nyembamba, nene, halafu nyembamba tatu. Mungu wangu! Mti mmoja umekufa na umekatiwa nyama maisha yake yote ya pili, mwingine bado umesimama nje kwenye upepo, na yote miwili inakumbuka viangazi vile vile, neno kwa neno.

Alihesabu akirudi nyuma kutoka mwaka wa msumeno wangu. Kahawa ikapoa, hakuna aliyeigusa. Alipofika kwenye ukingo wa kovu alirudia hesabu, kisha akaniwekea kioo jichoni mwangu.

"Walibandua mwaka 1694," alisema. "Mwanzo wa kiangazi. Unaona? Pete ya mwaka huo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, ikakatika hapa. Utomvu ulikuwa unapanda."

Nikakaa chini. Mwaka 1694, mwezi wa sita, mtu wa kwetu alisimama mbele ya mti huu na kisu. Nilikuwa nimemdai mama jina la mtu huyo. Jina sijalipata mpaka leo, lakini nilionyeshwa msimu wake na karibu nionyeshwe siku yake.

"Basi tumeshinda!" nilisema.

"Hatujashinda. Ubao wa jikoni hauna mahali. Watasema umetoka popote. Nataka kisiki, mjomba."

Asubuhi tukavuka kijito. Matope hayakuwepo, ilikuwa ardhi kavu yenye matunda mekundu, na Risten akageuka kunitazama lakini akanisitiri. Miguu yangu ilijua njia kuliko nilivyotaka. Kisiki kilikuwa palepale. Miaka arobaini na mbili, na hakikuoza. Utomvu ulikuwa umekihifadhi kama mama alivyosema ulivyoponya vidonda na kuhifadhi kamba za mizizi, mashua na mbao za kutelezea theluji za babu zetu.

Nilipiga magoti nikaondoa kuvu na majani kwa mikono. Risten aliusimamisha ubao juu ya kisiki, akausogeza kidogo kushoto. Pete zikakutana na pete. Ukingo wa kovu ulitoka kwenye ubao ukaingia kwenye kisiki, ukashuka hadi usawa wa goti, na pale chini kukawa na alama moja iliyonyooka.

"Kisu," Risten alinong'ona.

Niliweka kidole kwenye ile alama, kikaingia.

"Na tazama nyuma," alisema. "Hawakuuzungushia mti. Walibandua upande mmoja tu, upande wa kaskazini, wakaacha gome la upande wa jua lipeleke chakula mizizini. Mti uliwalisha, kisha ukaishi miaka mia mbili themanini na sita."

"Mpaka nilipokuja mimi," nilisema.

"Ndiyo, mjomba. Mpaka ulipokuja wewe."

Nililia. Mimi si mtu wa kulia, nimezika wazazi na dada bila kulia mbele za watu, lakini pale nililia nikiwa nimepiga magoti. Risten aliniacha, akazunguka akisoma dira, halafu nikasikia akiita kwa sauti ya kitoto ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni mwake, aliponasa kulungu kwa kamba mara ya kwanza.

"Mjomba! Njoo! Simama huku, tazama miti kwa upande wa kaskazini!"

Nikasimama nikajifuta uso. Nilikuwa nimekuja kutokea kusini, kama mtu yeyote anayefuata kijito, na kutoka kusini msitu ule ni misonobari mizima tu. Nilipozunguka, miti ikageuka. Huu ulikuwa na ufa mrefu, ule una kovu wazi la kijivu, ule pale midomo ya gome imekaribia kufunga kabisa. Kovu baada ya kovu, kila mti umenielekezea lake. Tulihesabu thelathini na moja, yote hai, ndevu nyeusi zikining'inia juu. Risten alitia keekee kwenye wa kwanza: 1727. Wa pili: 1702. Wa tatu akaacha kutaja namba, akabaki anatikisa kichwa.

Hapo ndipo lilipoingia akilini jambo lililonitoa jasho kwenye baridi. Kama Risten asingekatia nyama kwenye ubao ule, ningeendelea kusema kule ni matope, mashine zingeingia, na msitu wote ungeanguka ili mimi nisionekane nilikosea mti mmoja.

Barua ya serikali ya kuulinda msitu ilikuja Novemba, na mashine hazikuja. Watu wananiuliza juu ya barua. Mimi nakumbuka zaidi kahawa ya siku ile ya kisiki. Risten aliwasha moto mdogo kwa magamba ya gome yaliyoanguka, akaweka vikombe viwili juu ya kisiki, mimi nikasogeza changu mwenyewe. Kahawa ilipochemka akanyanyua birika, akasita.

"Mjomba," alisema, "mbona kikombe chako umekifunika?"

Nilitazama. Kweli kilikuwa kifudifudi, mkono wangu ulikiweka hivyo bila kuniuliza. Risten hakusubiri jibu. Alikigeuza, akakipangusa kwa kidole gumba kama bibi yake alivyokuwa akifanya, akanimiminia mpaka juu.